Seli Shina za Mkorosho

Niliamini, tena ningeapa, kwamba Newala kuna mtu anakamua seli shina kutoka machipukizi ya mkorosho, na mwanaume akizinywa siku arobaini mkewe anazaa mapacha, hata kama jamaa mwenyewe yuko safarini.

Msinicheke. Nilikuwa na cheti cha masomo ya jioni. Biolojia nilipata D, nikajiona profesa wa Masasi nzima. Seli shina si ndizo zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine? Na mkorosho mkongwe si unakatwa, unabebeshwa kikonyo, yaani kichipukizi cha mti mchanga, unazaa upya? Basi, utafiti nikaumaliza hapo hapo.

Nilikuwa na haraka pia. Miaka minne ya ndoa, nimehamia ukweni kama desturi yetu ilivyo, wenzangu wote ni Baba Fulani, mimi bado naitwa jina la daftari la shule. Mjomba wa mke wangu alishasema mbele ya watu: "Mkwe, msimu wa korosho ukiisha bila mimba, tutakusindikiza kwenu. Begi utabeba mwenyewe."

Nikapanda Newala. Muuzaji akanipa kikopo cha unga wa kijani, chenye picha ya simba aliyevaa koti la daktari.

"Kunywa asubuhi, kisha kaa kwenye beseni la maji ya moto. Seli zinapenda joto."

"Moto kiasi gani?"

"Kama ya kusongea ugali."

Siku arobaini nikachemka kama muhogo. Mke wangu akipita uani ananiuliza, "Umeiva?"

Mimba haikuja. Akachoka. "Mimi nimepimwa mara tatu, mzima. Wewe umepimwa nini zaidi ya suruali?"

Akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo kwangu, lakini kwa woga nikamwamkia shikamoo. Nilipimwa: mbegu chache, tena dhaifu. Mke wangu akamweleza yote, beseni na vitisho vya mjomba, akamkabidhi na kikopo. Daktari akakigeuza, hakucheka.

"Kaka, seli shina watafiti bado wanazijaribu, hazijawa dawa ya kukupa mtoto. Humu hazimo, na za mkorosho haziwezi kutengeneza mbegu zako. Huu unga hakuna anayejua ni nini. Na maji ya moto yanazidi kuziharibu mbegu. Acha vyote viwili, urudi baada ya miezi mitatu tupime tena. Huyo mjomba mje naye, nimwambie mwenyewe asubiri."