Kostiki na Kikombe cha Dada

Tangu dada yake azikwe, sabuni zilimgomea Mama Povu, kama mtaa ulivyozoea kumwita. Vipimo vilikuwa vilevile, lakini kila alipomimina kwenye kisanduku, mafuta yalijitenga juu na maji yakabaki chini.

“Shangazi, hii sabuni au mchuzi?” mwenye duka alimtania, kisha akaacha kucheka. “Ikiharibika tena, nitachukua za kiwandani.”

Kesho yake alikoroga kostiki, ile dawa kali ya sabuni, kwenye maji; maji yakapata moto na ndoo ikamchoma kiganja. Hapo akakumbuka. Wakati kama huo dada yake alikuwa akimwambia, “Hebu keti, mdogo wangu, nikupe umbea,” nao hunywa chai na kuwasema majirani wote kabla ya kugusa mafuta. Yeye aliona ni uvivu tu. Sasa, kwa kukosa wa kupiga naye soga, alikuwa akichanganya papo hapo, maji yakiwa bado ya moto.

Akavuta vigoda viwili, akamimina chai vikombe viwili. Chake alikinywa polepole. Kikombe cha dada kilipopoa, aligusa ndoo, nayo ilikuwa imepoa. Akachanganya.

Safari hii sabuni ilishika. Akageuka amwambie dada, akakuta kigoda kitupu.