Sauti Mbili za Dada Yangu

Dada yangu alijifunza kuimba soul, muziki wa Wamarekani weusi, kabla hajajua hata sentensi moja ya Kiingereza. Mjomba wetu, aliyekuwa dereva wa lori la korosho, alituletea kaseti isiyo na jalada, na waliokuwa wakiimba humo hatukuwajua. Tulikuwa tukiishi Ruponda, miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza. Nyumbani tulisema Kimakua, maana wazazi wetu walitoka Msumbiji. Kiswahili tulikipata shuleni na sokoni. Kiingereza kilikuwa cha watu wengine.

Dada alikuwa akianika betri za redio ya kaseti juani mpaka zipate nguvu kidogo, kisha anaweka sikio kwenye spika na kuandika alichosikia kwenye daftari, kwa herufi za Kiswahili, kama alivyosikia tu. Halafu anakwenda kupepeta ufuta huku akiimba. Tukauita muziki ule soli, na jina likabaki.

Sauti yake ilianzia chini, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, kisha ikapanda taratibu mpaka ukajikuta umeshika pumzi bila kukusudia. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa na kumi na miwili.

Siku moja alikuja nyumbani mwalimu wa sekondari kutoka Nachingwea, aliyekuwa na gitaa na bendi ndogo. Alikuwa amemsikia dada kanisani, na siku hiyo alimkuta akipepeta ufuta na kuimba.

"Huo wimbo wa kaseti," alimwuliza, "unajua unachokiimba?"

"Maneno siyajui, mwalimu. Ila huyu mama anayeimba ameachwa, na bado anampenda aliyemwacha."

Mwalimu akamtafsiria ubeti wa kwanza. Ilikuwa hivyo hivyo. Akamgeukia baba na kumwomba ruhusa. Baba akasema, "Ataimba mchana. Na mdogo wake atafuatana naye."

Ndivyo nilivyoingia kwenye muziki: mlinzi wa dada, nimebeba mkoba wenye gauni lake na chupa ya maji.

Mwalimu ndiye aliyemwambia aachane na nyimbo za kaseti. "Imba soli ya kwetu," alisema. Dada akatunga wimbo juu ya mama yetu, alivyoikimbia vita na kuuvuka mto Ruvuma na mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikuwa yeye mwenyewe. Aliuimba kwa mara ya kwanza Nachingwea, mchana wa sikukuu ya Idi, ukumbi umejaa. Alipofika pale mama anapomziba mtoto mdomo ili askari wasimsikie, bibi mmoja akainuka. Akapanda jukwaani, akavua kanga yake na kumfunika dada mabegani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Bendi ilisafiri hadi Dar es Salaam kurekodi, na wimbo ukawa unasikika redioni. Walialikwa Masasi, Lindi na Ruangwa. Kinyozi mmoja wa Nachingwea alimchora dada ukutani kwake, mdomo wazi, shingo ndefu kuliko ya twiga. Tukipita sokoni wanawake walikuwa wakimwita, "Mama wa soli!" naye alikuwa akicheka kwa aibu.

Mwaka wake wa tatu na bendi, dada alianza kufunga skafu shingoni. Wasichana wa mjini wakadhani ni mtindo, nao wakafunga za kwao. Ni mimi tu niliyejua chini ya skafu kulikuwa na nini, maana nililala naye chumba kimoja. Lilikuwa rovu, uvimbe wa shingo, na lilikuwa likikua. Mwishowe hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, mgongo ukutani.

Tulipompeleka hospitali, daktari hakumficha. "Binti, uvimbe umeegemea njia ya hewa. Na mishipa ya sauti imepita hapo hapo. Nitajitahidi, lakini sauti siwezi kukuahidi."

Dada aliomba muda wa kufikiri. Mama akakataa. "Kufikiri nini? Hukusikia? Ni pumzi zako. Mimi sikukuvusha mto ule nije nikuzike kwa ajili ya wimbo."

Akapasuliwa. Akapona, akalala chali kama watu wengine, na tukashukuru. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa nyingine: nzito, ya kukwaruza, kama mlango unaoburutwa sakafuni. Alingoja miezi sita. Kisha bendi ilipoalikwa Ruangwa, akasema atajaribu.

Siku hiyo siisahau. Alianza wimbo wa mama, na ulipotakiwa kupanda, sauti ikakatika. Akaanza upya, ikakatika pale pale. Vijana wa nyuma wakapiga miluzi. Mtu akapaza sauti, "Mleteni mwenyewe! Huyu siye!" Msichana aliyeketi karibu nami akaniuliza, "Huyu si dada yako?"

Nikasema, "Hapana. Tunafanana tu."

Dada aliimba mpaka mwisho. Alishuka jukwaani wima, akaniomba maji, akanywa, na hakupanda jukwaani tena. Mwalimu hakumfukuza, dada mwenyewe ndiye aliyerudisha gauni la bendi. Mwaka uliofuata mwalimu akahamishwa, na bendi ikafa.

Dada aliolewa na mkulima wa ufuta huko Likunja, mtu mpole, akazaa watoto wawili. Aliwabembeleza kwa kuwapigapiga mgongoni, kimya. Redio ikicheza muziki wowote, alikuwa akitafuta kazi ya kufanya nje.

Miaka ya elfu mbili, nikiwa nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilipangiwa Likunja. Jioni moja tukichambua mboga kwake, nilishindwa kuendelea kulibeba jambo lile. Nikamwambia, "Dada, siku ile Ruangwa nilikukana."

Aliendelea kuchambua. "Nilijua. Uliponipa maji hukunitazama."

"Nisamehe."

"Siku ile hata mimi nilitamani kujikana," alisema, kisha akanisogezea ungo. "Chambua, jua linazama."

Nilikuwa nimepewa kwaya ya shule, nami kuimba sijui. Nikamwomba anisaidie. Alikataa mara tatu. Mara ya nne hakukataa wala hakukubali, lakini siku ya mazoezi nilimwona amesimama dirishani, jembe begani, ametoka shamba. Watoto walikuwa wakiimba vibaya sana. Alivumilia nyimbo mbili. Kwenye wa tatu akaingia.

"Mnaimba kwa koo, mtachoka. Wimbo unatoka tumboni. Sikilizeni."

Akaweka jembe chini na kuwaonyesha. Ilikuwa mistari miwili tu, na kwa sauti ile ile ya kukwaruza. Nilifumba macho nikingoja kicheko. Hakikuja. Watoto wale hawakuwahi kuisikia sauti yake ya kwanza. Kwao, hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake. Msichana mmoja wa darasa la tano akanyoosha mkono.

"Mama, hiyo sauti unaitoaje? Tufundishe na sisi."

Dada alinitazama mimi, kana kwamba nimempanga mtoto yule. Nikatikisa kichwa. Ndipo akacheka, na akaimba tena, safari hii wimbo mzima, akiukalisha chini, pale ambapo sauti yake ilikuwa na nguvu.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Alianza kutunga upya, nyimbo zisizopanda, zinazotembea chini chini kama mtu anayekusimulia jambo lake. Mama alikuja kutoka Ruponda kumsikiliza, akakaa benchi la mbele, na mwisho akamwambia kwa Kimakua kwamba sauti hii ndiyo anayoipenda zaidi, maana ile ya zamani ilikuwa ikimtia hofu.

Siku hizi dada anaimba kwaya ya kanisa vilevile. Wamemweka upande wa wanaume, kwenye besi. Juzi mwenyekiti wa kwaya alimwomba kwa heshima zote arudi nyuma hatua mbili, maana wenzake hawasikiki. Akarudi hatua moja.