Gari la Bosi Nyuma ya Ukuta

Gwantwa anaponda mawe ya chokaa kwenye tanuri la kuyachomea hapa Nanyala tangu mimi nikiwa mtoto, na jicho lake la kushoto lilipofukia hapahapa. Ni shangazi yangu, nami napakia magunia kwenye tanuri hilohilo, kwa hiyo msinitake niseme kwa upole.

Tanuri likikolea, mawe hupasuka ndani na kurusha vipande vya moto. Huvioni vikija, unashtukia umeungua. Wanawake hupondea karibu kwa sababu ndipo mawe yanapomwagwa, na asubuhi za huku Mbozi mwezi wa sita zina baridi kali. Basi Rabson, mwenye tanuri, akapata pa kujifichia: vipande haviruki mbali, aliyeungua alijisogeza mwenyewe kuota moto. Hata jicho la shangazi alilisemea hivyo. Hana haya yule mtu.

Mwaka huu Tumpe, mke wa mwanawe Gwantwa, naye akaanza kuponda. Shangazi akakosa raha. Akaomba wapondee nyuma ya ukuta wa matofali, binti wa watu asije akapofuka kama yeye. Akaambiwa uzee unamtia woga.

Ndipo akaja Restuta, mtafiti wa chuo, na kamera inayopiga maelfu ya picha kwa sekunde moja. Alipomaliza alituita sote, bosi akiwemo, akatuonyesha kwenye kompyuta, polepole. Kila kipande kilionekana kikiwaka, na njia yake yote kutoka mdomo wa tanuri hadi kinapotua. Vingine vilipita usawa wa nyuso za wanawake. Kimoja kiliwavuka kabisa, kikagonga mlango wa gari la bosi.

"Umeona, baba?" Gwantwa akamuuliza.

"Nimeona, mama. Kesho nahamisha."

Tukamwamini, wajinga sisi. Asubuhi tukakuta amehamisha gari. Limeegeshwa nyuma ya ukuta, na mawe yamemwagwa palepale pa siku zote.

Nilitukana, sikatai. Gwantwa hakutukana. Alijaza karai, akajitwika, Tumpe akafuata, na wenzao wote nyuma yao. Walimwaga mawe kulizunguka gari mpaka milango ikawa haifunguki, wakaketi, wakaanza kuponda.

Rabson akaja mbio. "Sasa gari langu litatokaje hapa?"

"Hilo utajua wewe, baba," shangazi akasema bila kuinua kichwa. "Sisi hatutoki."