Dobi Aliyenusa Nepi za Mwanawe

Saa kumi na mbili asubuhi, mvuke umeshatanda kibandani. Dobi ananyunyizia maji kola ya shati jeupe na kuipitisha pasi kutoka ncha kuelekea katikati. Analiinua shati kwenye mwanga, anakunja uso, anairudia kola upya.

Mteja akisema nguo imetakata, yeye hujibu, "Bado." Mtaa mzima humwita Bwana Bado. Ana miaka kumi na mmoja kwenye kazi hii, na siku ikiwa njema nguo sitini hupita mikononi mwake.

Mazoea hayohayo nusura yamvunjie nyumba.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa miezi minne iliyopita. Furaha ilikuwa tele, usingizi haba. Mkewe, aliyezoea kupokea wateja hapa kibandani, akajikuta kutwa ndani peke yake na kichanga kisichonyamaza. Jioni dobi alirudi hoi. Badala ya kumpokea mtoto, alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akaanua nepi alizofua mkewe, akazinusa, akazirudisha kwenye beseni.

"Mikono ilikwenda yenyewe," anasema. "Nilidhani nasaidia. Kumbe namchoma mwenzangu moyo."

Alifanya hivyo wiki nzima. Mwishowe mkewe alifunga virago, akambeba mtoto, akaenda zake kwa mama yake, mitaa miwili kutoka hapo.

"Nilikuwa sijalala, sijala, sijachana nywele," anasema mkewe sebuleni kwa mama yake, akimpigapiga mtoto mgongoni. "Halafu mtu anaingia, hata hujambo hakuna, ananusa nepi! Nikasema, haya, na umama nao nimeshindwa. Nililia hadi mtoto akanyamaza kunitazama."

Dobi alimfuata kumwomba radhi, maneno ameyapanga vizuri. Mkewe hakuyataka. Alimkabidhi mtoto, akaingia chumbani, akalala. Kesho yake vivyo hivyo. Dobi akaona amedharauliwa, akamlalamikia mama mkwe.

"Wewe baba," mama mkwe akamjibu, "mtu hamwachii mwanawe mtu asiyemwamini. Shika mtoto, unyamaze."

Akanyamaza. Tangu hapo, saa kumi jioni huzima pasi na kwenda kumpokea mtoto. Amejifunza kumcheulisha, kumbembeleza, kumbadilisha. Nepi ya kwanza aliyomfunga ilimvuka mtoto palepale, na mkewe akaangua kicheko ambacho hakikuwa kimesikika tangu ajifungue.

"Sikumwomba arudi," anasema dobi. "Nilimwomba alale. Hayo mengine angeyasema mwenyewe."

Jana ameyasema. Alipoamka alimpa mumewe furushi la nguo za mtoto, alizofua kwa mikono yake.

"Tangulia nazo nyumbani," akamwambia. "Ziweke kabatini kama zilivyo. Sisi tuko tayari Jumamosi."

"Nimeziweka," dobi anaapa, mkono kifuani. "Sikunusa hata moja, haki ya Mungu."

Jumamosi ndiyo siku yenye wateja wengi kuliko zote, na suti ya bwana harusi inaning'inia ukutani ikisubiri zamu yake. Dobi anaitazama, anacheka kidogo. Kibanda hakitafunguliwa.

"Mwenye suti aje Ijumaa," anasema. "Akichelewa, aoe na makunyanzi yake. Mimi naenda kumchukua mke wangu."