Kisiwa cha Nyasi

Siku ya mkesha wa sikukuu ya Nabii Eliya, Saveta Hulpuș alitoka kanisani saa nane mchana, akapanda kilima na kikapu cha ugali na jibini kumpelekea mdogo wake Gavrilă, aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe. Kabla hajafika kondeni alisimama ghafla.

Panzi walikuwa wanalia mahali pamoja tu.

Kwa miaka ishirini na miwili Saveta alikuwa amewahesabu kwa masikio panzi wa hifadhi ya mazingira iliyozunguka kijiji chao. Watu wa hifadhi walimpa daftari, naye akajaza aina thelathini na moja, kila moja kwa jina alilolitunga mwenyewe: Cherehani, Mkwaruza Sufuria, Kikohozi cha Padri. Siku za kawaida walilia pande zote za konde. Leo pembeni kulikuwa kimya, na katikati kelele kama za sokoni.

Alipofika juu akaelewa. Gavrilă alikuwa ameazima mashine ya jirani ya kukatia nyasi. Alianza ukingoni akawa anazunguka, kila mzunguko ukiwasukuma panzi ndani, mpaka kikabaki kisiwa cha nyasi kisichozidi ua wa kanisa. Nyuma yake korongo tisa walitembea wakidonoa kila kilichotoka.

Ndani ya kisiwa walikuwamo wenye tandiko. Ni panzi wanene, hawana mabawa ya kurukia, mgongo umebinuka kama tandiko la farasi. Katika hifadhi nzima walibaki konde hili tu. Mwaka uliopita Saveta alihesabu kumi na saba. Majike walikuwa bado hawajataga.

Marehemu baba yao, mpiga kengele, aliwafundisha wote wawili kuanza katikati na kukata kuelekea nje, ili kila kiumbe cha Mungu kipate mlango. Lakini Gavrilă alifundishwa hayo akiwa na fyekeo mkononi. Juu ya mashine hakuona kama yanamhusu.

Saveta aliingia kisiwani, akavua viatu asije akamkanyaga mmoja, akasimama.

"Dada, toka hapo!"

"Zima hilo dude lako."

"Mawingu yale huyaoni? Kesho ni Eliya, hakuna wa kugusa jani, tukigusa radi itatuunguzia zizi. Keshokutwa Jumapili. Ng'ombe watakula nini, daftari lako?"

"Ukitaka kupita, anzia kwenye vidole vyangu. Kuna ukucha mmoja mbovu, utakuwa umenisaidia."

Gavrilă hakucheka. Aliisogeza mashine hatua moja. Saveta hakusogea, ingawa moyo ulikuwa ukimwenda mbio, moyo uleule ambao daktari alishamwonya juu yake. Alinong'ona, "Bwana, nihurumie." Kitu kizito, chenye miguu ya kukwaruza, kilipanda juu ya unyayo wake, kikatulia.

"Baba angekuona!" alisema.

"Baba hakuwa na mgongo huu wangu!"

"Alikuwa na mbaya zaidi. Ulikuwa unamkanda wewe."

Radi ilinguruma upande wa kinu cha kusagia nafaka. Gavrilă alitazama mbingu, akatazama miguu mitupu ya dada yake, akazima mashine.

"Haya, watoke. Lakini watoke vipi? Wakitia mguu nje, korongo hao."

Saveta aliangalia mistari ya nyasi zilizokatwa. "Lete reki. Tuwajengee barabara yenye paa."

Wakazikokota nyasi zilizokauka vizuri kuliko zote, wakazilaza kama kamba nene kutoka kisiwani hadi vichakani. Kisha Saveta akachukua fyekeo la baba, akaanza kukata upande wa mbali, polepole, akiwafukuza kuelekea kwenye ile njia. Gavrilă aliwatishia korongo kwa kofia na matusi ambayo siku ya mkesha hayafai. Nyasi zilitikisika kwa chini. Saveta alipiga magoti mwishoni mwa njia, akahesabu kwa vidole wanaojitokeza vichakani.

"Kumi na mmoja. Kumi na wawili. Usinisemeshe. Kumi na wanne."

Ndipo mvua ikashuka kama iliyomwagwa kwa ndoo. Barabara yote ilioza, na nyasi nyingine nyingi pia. Februari zizi liliishiwa nyasi, wakamuuza ng'ombe mmoja. Gavrilă alinuna hadi Kwaresima.

Kwaresima hiyohiyo ndipo moyo wa Saveta uliposimama, akiwa anakanda unga wa mkate wa altare. Mungu amlaze pema.

Julai iliyofuata, zamu ya kukata nyasi za makaburini ilikuwa ya Gavrilă. Alikwenda na fyekeo la baba. Aliuacha ukingo, akaenda moja kwa moja kwenye msalaba wa dada yake, akaanzia hapo, akikata kuelekea nje. Alipomaliza alipanda kondeni, akakaa akisikiliza karibu saa nzima, kisha akafungua daftari na kuandika chini ya mwandiko wa Saveta: "Wenye tandiko, labda wanne. Sina masikio yake. Nitarudi keshokutwa."