Mikungugu Isiyopandwa na Mtu

Emiliana Matonya hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini ukiusema vibaya msitu wake ulijuta kufungua kinywa. Msitu wenyewe ulikuwa kilima kimoja, mwendo wa nusu saa kutoka Kibakwe. Mwaka themanini na nane, biashara huria iliporuhusiwa na kila mwenye eneo akataka mikaratusi ya kuuza nguzo, akina mama wa kijiji walipanda mikungugu yenye miiba na mikwaju, miti ya asili ya kwao, kwenye kilima kilichokwisha kubaki mawe na makorongo. Walichekwa mpaka wakazoea. Emiliana ndiye aliyechaguliwa kuutunza.

Miaka ya mwanzo aliulima msitu kama shamba la uwele. Kwao magugu shambani ni aibu ya mwenye shamba, naye hakutaka aibu. Kila msimu alipalilia hadi chini pakawa peupe, na kila msimu mvua ikauzoa udongo ule ikaupeleka bondeni. Mwaka mmoja malaria ikamlaza mwezi mzima. Alipoinuka akakuta magugu yamejaa, na chini yake udongo umetulia. Hakupalilia tena.

Baada ya mvua za El Nino, mwaka tisini na nane, maua yalichanua kuliko wakati wowote: ya manjano ya mlenda pori, meupe ya vitunguu pori, na yale mekundu yanayotambaa mpaka juu ya miti. Emiliana alipita katikati yake kila asubuhi akichagua pa kukanyaga. Aliyapenda, basi.

Mwenyekiti wa kijiji, Sila, hakuyapenda. Jumamosi wageni wa wilaya wangekuja kukagua, akapanda kilimani kuona hali.

"Shikamoo, Mama Loisi," akamwamkia Emiliana.

"Marahaba, Mwenyekiti."

"Mama, msitu ni mchafu. Usipopaliliwa kufikia Ijumaa, kamati itampa mtu mwingine kazi hii."

Miaka kumi, kisha mtu mwingine? Emiliana akamkabidhi jembe lake.

"Basi nianzishie."

Sila alikuwa mtoto wa mkulima. Kukataa jembe mbele ya mama mtu mzima hakuweza. Akakunja suruali, akalima kwa ufundi mapigo sita, saba. Emiliana akainama, akaokota kitu kwenye magugu yaliyolala: mche wa urefu wa kidole, miiba yake bado laini, mzizi umekatika.

"Mkungugu," Sila akasema. "Nani kaupanda hapa? Mbona hauko kwenye mstari?"

"Hakuna aliyeupanda. Mbegu imedondoka yenyewe. Miaka kumi nimesubiri msitu huu uzae, Mwenyekiti."

Akamwekea ule mche kiganjani. Sila alichuchumaa, akatenganisha majani ya mlenda kwa vidole. Kulikuwa na mwingine. Na mwingine, karibu na kiatu chake. Akasimama taratibu, jembe kalishika juu, asijue mguu auweke wapi.

"Mama Loisi," akasema, "nionyeshe pa kupita. Na Jumamosi uwaonyeshe wageni."