Siri ya Sosi ya Mama Ndimu

Na ijulikane kwa raia wote, walioshiba na walio kwenye foleni, kwamba leo mkahawa wa sandwichi wa kona ya posta unatimiza miaka hamsini, na kwamba manispaa, baada ya vikao saba na chai nyingi, imeutambua kuwa hazina ya mji. Ndivyo alivyosoma afisa utamaduni, jasho likimlowesha tai.

Hazina yenyewe ilisimama nyuma ya kaunta, imenuna, kisu cha mkate mkononi. Wateja walimbandika jina la Mama Ndimu, naye hajawahi kuwapa sababu ya kulibandua. Alipoolewa, mama mkwe alimtazama mikono tu, akampa kisu. Miaka thelathini na moja sasa, hajamuuliza mtu anataka nini. Anakutazama, anakata, anakusukumia. Ukiomba kitunguu kidogo, unajazwa kitunguu.

"Mama, mkate umekauka," fundi saa alithubutu jana.

"Na wewe je? Mbona hatukusemi?"

Fundi saa alikula, na leo karudi wa kwanza.

Tangu mama mkwe na mume watangulie, mkahawa ulibaki na Mama Ndimu, na Mama Ndimu akabaki na wifi. Wifi hajawahi kumenya hata kitunguu pale, ila leo katua na manukato ya kutosha harusi mbili. Anadai marehemu mama alimnong'oneza siri ya sosi ya mkahawa alipokuwa akikata roho kitandani. Katika ukoo ule, mwenye siri ndiye mwenye kaunta. Wakubwa wa ukoo walishaitikia kwa vichwa: kesho Mama Ndimu akabidhi kisu, akapumzike.

"Umechoka, wifi yangu," alisema mwenye manukato, akicheka kwa meno tu. "Sosi ya mama inataka damu ya mama."

"Masinia yalipotaka mtu wa kuyasugua, hiyo damu ilikuwa wapi?"

Wifi akajifanya hakusikia, akajipenyeza nyuma ya kaunta. "Karibu mpendwa! Leo ungependa tukuandalie nini?"

Fundi saa akarudi nyuma hatua mbili. "Mama Ndimu, huyu ananiuzia nini?"

Afisa akaona hotuba yake inapotea. Akakohoa. "Mama, kabla hujapumzika, hebu tuambie mbele ya umma. Siri ya sosi ni nini?"

Wifi akainua macho darini kama anayesikiliza wafu. Mama Ndimu aliitazama foleni. Nusu yao huwaleta wageni pale kwa ajili ya siri hiyo tu. Akinyamaza, kisu kinakwenda na wifi. Akisema, dai la wifi linakufa, na hazina ya mji inazikwa nalo siku hiyo hiyo.

Akainama chini ya kaunta, akatoa galoni la plastiki, akalitua juu kwa kishindo. Kibandiko cha bei kilikuwa bado kinang'aa ubavuni.

"Sosi tunainunua kwenye duka la hapo ng'ambo, tangu enzi za mama mkwe. Anayefuata!"